Sura ya 7: Rimu Kubwa, Diski Ileile

Ukifika Lusahunga, wilayani Biharamulo, barabara inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Biharamulo mjini na kuendelea hadi Bukoba. Mwingine unashika Nyakahura, unapita Benaco, kisha unateremka Rusumo kwenye daraja la mto Kagera, ambako ng'ambo ni Rwanda na magari yanahamia kulia. Anayekwenda Burundi anachepuka Nyakasanza, anapandisha Ngara mjini na kuibukia Kabanga. Hiyo ndiyo njia ya malori ya Bandari ya Dar es Salaam, na katikati ya malori hayo anapita mdogo wao: Toyota Probox nyeupe, nyuma imebonyea, pua imeinuka, vichwa vya abiria vimejaa hadi kioo cha mwisho. Kagera, Geita na Kigoma wanaiita mchomoko.

Toyota ilianza kuiuza Probox nchini Japani Julai 2002 ili ichukue nafasi ya Corolla ya mizigo. Lilikuwa gari la kazi za kampuni: watu wawili mbele, mzigo usiozidi kilo 400 nyuma, lami tupu kutoka ofisini hadi kwa mteja. Injini ya lita 1.3 au 1.5, diski mbele, dramu nyuma, rimu za chuma zisizo na mbwembwe. Huku kwetu likapewa kazi ya basi. "Sogea kidogo mama, bado mmoja," anasema kondakta, na huyo mmoja akishaingia anafuata mwingine na gunia lake la maharage. Kenya nako hali ni hiyohiyo: Kisii linabeba watu, Meru linakimbiza mirungi.

Msomaji wa magazeti ya magari ya Ulaya atauliza kama kigari hiki kinastahili kuitwa cha kale. Kwao kigari cha kale ni Mini, Fiat 500, au Volkswagen ya mgongo wa kobe. Mimi nadhani gari linakuwa la kale pale ambapo mafundi wa mji mzima wanalijua kwa kupapasa gizani, na wenye nalo wameanza kulibadilisha walivyotaka wao badala ya kiwanda. Kwa kipimo hicho Starlet na Corolla za miaka ya 1990 zimeshafika, na Probox za toleo la kwanza, ambazo za mwanzo zimepita miaka 20, zimeingia mlangoni. Kitu cha kwanza kubadilishwa ni kilekile wanachobadilisha wenye Mini kule Birmingham: miguu.

Mtu akishapata kadi ya gari kwa jina lake, pesa inayofuata inakwenda kwenye rimu za inchi 14 au 15, tairi refu zaidi, na spesa juu ya shokapu ili gari lisimame. Simlaumu. Barabara ya Murugarama–Rulenge–Nyakahura imekuwa ya changarawe kwa miaka mingi, na mvua za masika zikiisha huacha mifereji inayoweza kung'oa sampo ya mafuta. Lami yenyewe si salama sana. Benaco ilipata jina kutoka kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara hapo, kabla ya kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya mwaka 1994 kulitangaza jina hilo dunia nzima. Daraja jipya la Rusumo lilifunguliwa Aprili 2016, malori yakaendelea kumiminika, na kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92 hivi, kikachakaa hadi ikabidi kipangiwe ukarabati mkubwa. Mwenye mchomoko anayetaka tairi refu anataka kufika.

Ila tairi refu lina bei yake, na bei hiyo hailipwi dukani.

Tuanze na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kuwa ndizo zinazotuambia kilichotokea. Tairi la Starlet nyingi za miaka ya 1990, na la vigari vingi vya rika lake, ni 155/80R13. Upana wa tairi ni milimita 155, urefu wa ubavu wake ni asilimia 80 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 13. Piga hesabu: ubavu ni milimita 124, juu na chini zinakuwa 248, jumlisha milimita 330 za rimu, unapata tairi la kimo cha milimita 578. Sasa vua hilo, vaa 185/65R15, saizi inayopendwa kwa kuwa rimu zake zinapatikana kila mahali. Kimo chake ni milimita 622. Gari limepanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 22. Sentimita mbili na kidogo ndiyo faida yote uliyonunua chini ya sampo.

Hasara iko kwenye nyenzo. Pedi zinaibana diski karibu na kitovu cha gurudumu. Barabara inavutana na tairi kule kwenye ukingo. Kadiri ukingo unavyokwenda mbali na kitovu, ndivyo pedi zilezile, zikibana kwa nguvu ileile, zinavyopata shida zaidi kulizuia tairi. Kutoka 578 hadi 622 ni nyongeza ya asilimia 7.5, kwa hiyo nguvu ya breki inayofika kwenye lami inapungua kwa asilimia 7 hivi. Hakuna aliyegusa diski wala aliyekata bomba la breki, lakini breki zimepungua. Na si breki za mguu tu. Injini nayo, unaporudisha gia ili ikusaidie kwenye mteremko, inavuta kupitia tairi hilohilo refu, hivyo msaada wake umepungua kwa kiasi kilekile. Rimu za inchi 15 mara nyingi ni nzito pia, na kitu kizito kinachozunguka nacho kinataka kusimamishwa.

Lipo jambo dogo la pembeni linaloleta ugomvi mwingi kati ya dereva na tajiri wake. Geji ya mwendo na ya kilomita huhesabu mizunguko, haioni barabara. Tairi likirefuka, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, na geji inaandika kilomita 93 mahali ambapo gari limekwenda 100. Dereva anaambiwa gari limeanza kunywa mafuta, kumbe kilomita ndizo zinazohesabiwa pungufu. Kwenye mji wa kilomita 50 kwa saa, mshale ukiwa kwenye 50 gari linaweza kuwa linakwenda karibu 54. Geji nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo kwa makusudi, kwa hiyo trafiki mwenye tochi huenda asikushike. Usitegemee.

Hadithi ya Mini inafaa hapa kwa sababu waliomiliki gari lile walipita njia hii miaka mingi kabla yetu. Mini ilizaliwa mwaka 1959, baada ya mgogoro wa Suez wa 1956 kuwafanya Waingereza wahofie kukosa mafuta. Mhandisi Alec Issigonis alitaka watu wanne wakae ndani ya gari lenye urefu wa mita tatu, na ili miguu yao ipate nafasi aliyapunguza magurudumu hadi inchi 10. Ndani ya rimu ya inchi 10 nafasi ni finyu mno, hivyo Mini za kwanza zilikuwa na dramu ndogo pande zote nne. Gari lilikuwa jepesi na linashika kona vizuri sana, watu wakaanza kulikimbiza, na breki zikashindwa kwenda na mwendo. Mwaka 1961 mtengenezaji wa magari ya mashindano John Cooper akashirikiana na kiwanda kutoa Mini Cooper yenye diski za inchi 7 mbele. Mwaka 1963 ikaja Cooper S, diski inchi 7.5 na nene zaidi. Mini zikashinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967 zikiwa bado na tairi za inchi 10.

Mwaka 1984 ndio wenye somo letu. Kiwanda kilipoamua kuivalisha Mini ya kawaida rimu za inchi 12, kilibadilisha na breki papo hapo, kikaweka diski za inchi 8.4. Linganisha na Cooper S: diski imekua kwa asilimia 12, tairi jipya la 145/70R12 limerefuka kwa asilimia nne au tano tu kulizidi lile la inchi 10. Walichopoteza kwenye ukingo walikirudisha kwenye diski na chenji ikabaki. Rimu ilipanuliwa ili diski ipate pa kukaa. Sisi huku tunajenga nyumba kubwa kisha tunamrudisha ndani mkaaji yuleyule mdogo. Chungulia kwenye matundu ya rimu za urembo za mchomoko wowote stendi ya Ngara: katikati kuna diski iliyokusudiwa rimu ndogo, imezungukwa na nafasi tupu ya kutosha ngumi.

Kwenye nchi tambarare asilimia 7 unaweza kuishi nazo. Ukiwa Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi, ambako kila kijiji kina kilima chake na barabara inakwenda kwa kupanda na kushuka, hesabu inabadilika.

Chukua mchomoko ulioshiba, uzito wake pamoja na watu na mizigo uwe tani moja na nusu. Ukikimbia kilomita 80 kwa saa, nishati iliyomo kwenye mwendo huo ni kilojuli 370 hivi. Breki zikilisimamisha gari, nishati hiyo inageuka joto, na karibu yote inaingia kwenye diski na dramu. Sasa liache gari hilohilo literemke mita 25 za kimo (nasema kimo, si urefu wa barabara), breki zikilishikilia lisiongeze mwendo. Tukiacha kando upepo na msuguano wa tairi, ambavyo husaidia kidogo, joto linalozalishwa ni lilelile: kilojuli 370. Kumbe mteremko wa kimo cha mita 100 ni sawa na kusimama ghafla mara nne kutoka kilomita 80, mfululizo, bila kupumzisha breki. Joto hilo lingechemsha zaidi ya lita nne za maji ya baridi. Mtu anayetoka Ngara mjini kwenda kwenye daraja la Rusumo anashuka mita mia kadhaa kwa jumla, na si zote kwa mpigo, nashukuru.

Hapa ndipo dramu na diski zinapotofautiana tabia. Dramu ni bakuli la chuma, na laini zinaisukuma kutoka ndani. Chuma kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo dramu inazikimbia laini, na mguu wa dereva unazama chini zaidi kila kona. Diski inapotanuka inazifuata pedi. Tena imekaa wazi na upepo unaipiga pande zote mbili. Zile zenye matundu katikati hupuliza hewa kadiri zinavyozunguka. Dramu imejifungia na joto lake, na kwenye barabara ya Rulenge imejifungia na vumbi lake pia. Nimeona dramu zikifunguliwa na ndani yake kukawa na vumbi jekundu lililogandamana kiasi cha kujaza kikombe, na kile kirekebishaji kidogo kinachotakiwa kusogeza laini zinapoisha kimeshikana, hakijazunguka tangu gari litoke bandarini.

Msomaji asije akadhani nazisimanga dramu. Bert Shankland na Chris Rothwell, wote wa Tanzania, walishinda East African Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, katika miaka ambayo 404 ilikuwa bado inatoka kiwandani na dramu. Dramu nzuri, iliyofunguliwa, ikasafishwa na kurekebishwa, inafanya kazi. Na kwenye mchomoko ina kazi kubwa kuliko vitabu vinavyosema. Vitabu vinakwambia breki za mbele hubeba asilimia 70 au zaidi ya kazi, kwa kuwa gari likisimama uzito unakimbilia mbele. Ni kweli kwa gari la watu wawili. Gari lenye watu wanne kiti cha nyuma na wengine buti lina uzito mwingi juu ya ekseli ya nyuma kiasi kwamba tairi za nyuma zinaweza kuvuta sawasawa na za mbele, kama dramu zake zingekuwa zinafanya kazi. Ukiwa na shilingi chache tu za kuboresha breki, anza huko nyuma: dramu zifunguliwe, mipira ya silinda ikaguliwe, laini zisogezwe. Hakuna atakayekusifia stendi.

Kuna adui mwingine, naye yumo kwenye chupa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Lakini mafuta haya yana uchu wa maji, yanayanyonya kutoka hewani kupitia mipira na kifuniko, na yakishanyonya kiasi cha kama asilimia nne, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakichoka. Yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabonyea. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda sakafuni, gari halisimami. Baada ya nusu saa kila kitu kimepoa, mvuke umerudi kuwa maji, pedali imekuwa ngumu tena, na fundi anayeitwa kukagua anasema gari ni zima. Naamini baadhi ya ajali zinazoandikwa "kufeli breki" zina sababu hii, na dawa yake ni mafuta mapya ya breki kila baada ya miaka miwili. Chupa iliyokaa wazi chini ya meza ya gereji tangu mwaka jana haihesabiki kuwa mpya.

Halafu ile tabia ya nyutro. Madereva wengi wakifika kwenye mteremko wanaachia nyutro ili kuokoa mafuta. Wengine, wajasiri zaidi, wanazima injini kabisa. Kwenye injini za kabureta hoja yao ilikuwa na mantiki. Kwenye injini za Probox, ambazo mafuta hupulizwa kwa kompyuta, ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga eksileta, kompyuta inakata mafuta kabisa: tairi ndizo zinazoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kunguruma yenyewe, na inakunywa. Nyutro inagharimu mafuta na kuziachia breki kazi yote. Aliyezima injini ndiye amejitafutia balaa, kwa sababu busta ya breki inapata nguvu yake kutoka kwenye mvuto wa injini. Ukikanyaga mara mbili tatu akiba yake inaisha na pedali inakuwa jiwe. Kwa gari la otomatiki, alama za 2 na L pembeni ya D ziliwekwa kwa ajili ya vilima. Wako wanaodhani ni za kuvuta gari lililokwama.

Sasa mwenye gari ameamua. Rimu kubwa anazitaka, na ukweli umeshamwingia, anataka na diski ya kulingana nazo. Afanyeje akiwa Ngara, ambako duka la spea likikosa kitu jibu ni Kahama, Mwanza, au basi la kutoka Dar es Salaam?

Uzuri wa Toyota ndogo ni undugu. Vitz ya 1999, ist ya 2002 na Probox zina chimbuko moja la kiufundi, na pamoja na Starlet na Corolla nyingi za miaka hiyo zina nati nne za rimu zilizopangwa kwenye duara la milimita 100, tundu la kati la milimita 54. Ndiyo sababu rimu zinaazimana kirahisi. Diski na kalipa nazo, ndani ya ukoo huo, zinaazimana mara nyingi, hasa ukichukua kutoka kwa ndugu mwenye injini kubwa zaidi au toleo la michezo. Chukua nako nzima, kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu, pamoja na kalipa, mabano yake na diski, vyote kutoka gari moja lililokatwa. Ukinunua diski kubwa peke yake ukaja kumwambia fundi wa kuchomelea asogeze mabano ya kalipa, mimi sitapanda gari lako. Chuma hicho hubeba nguvu yote ya kulisimamisha gurudumu hilo.

Rimu ndiyo inayoweka mpaka. Ndani ya rimu ya inchi 13, diski ikikaribia milimita 250 kalipa inaanza kutafuta ukuta. Ukiwa na 14 au 15 unapata nafasi. Kabla ya kufunga chochote, valisha rimu, zungusha kwa mkono, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha angalia kama bomba la mpira la breki linavutwa au linagusa tairi. Kalipa yenye pistoni kubwa inahitaji mafuta mengi zaidi kuisogeza. Ukiona pedali imekuwa ndefu hata baada ya kutoa upepo vizuri, masta silinda ni ndogo kwa kazi hiyo. Kwa ukuaji mdogo ndani ya ukoo mmoja, mara nyingi ya zamani inatosha.

Diski iliyotumika isikutishe, ila ipimwe. Ukingoni au kitovuni kumeandikwa MIN TH na namba ya milimita: huo ndio wembamba wa mwisho unaoruhusiwa. Fundi wa kukereza ataisawazisha uso kwa bei nafuu, na akimaliza ndipo upime. Ikishuka chini ya namba hiyo inabaki chuma chakavu, hata kama inang'aa, kwa sababu chuma kilichopungua ndicho kilichokuwa kinahifadhi joto la mteremko.

Kuhusu kuweka diski nyuma badala ya dramu, ambalo ni ombi la vijana wengi, nasema kwa kifupi: breki ya mkono inaleta usumbufu, uwiano wa mbele na nyuma unavurugika, na faida unayoipata haifiki ile ya kusafisha dramu ulizonazo.

Tairi lenyewe lina namba moja isiyosomwa na mtu. Baada ya saizi kuna tarakimu mbili na herufi, mfano 82T. Themanini na mbili ni msimbo wa kilo 475 kwa tairi moja. Probox za tangu 2014 zinatoka kiwandani na 155/80R14 zenye msimbo wa 88, yaani kilo 560, tairi la gari la mizigo lenye mwili mgumu. Mwenye gari anayevua hilo na kuvaa 175/65R14 82T, pana zaidi na zuri zaidi kwa macho, ameondoa uwezo wa kilo 85 kila kona, wakati uzito wa abiria wake haujapungua hata robo kilo. Tairi la mtumba likaguliwe na tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ubavu uliozeeka hupasuka ukipata joto, na kilo za ziada ndizo zinazoleta joto hilo.

Spesa za kusukuma rimu nje, ili gari lipanuke mguu, ninazikataa kwa mchomoko. Beringi za habu zilipimiwa mzigo ulio karibu; ukiusogeza nje, zinaanza kuvuma ndani ya miezi michache kwenye barabara hizi. Nati nazo zina mdomo wake. Rimu za chuma zinataka nati yenye ncha ya pembe, na baadhi ya rimu za Toyota za aluminiamu zinataka nati ndefu yenye washa bapa. Zikichanganywa, nati inakaa kama imekaza kumbe imegusa sehemu ndogo tu, na baada ya kilomita kadhaa za mashimo inalegea.

Kazi ikishakwisha, breki mpya hazishiki vizuri siku hiyohiyo. Pedi na diski hazijasuguana uso mzima. Tafuta kipande kilichonyooka kisicho na watu, upande wa Biharamulo vipo vingi kuliko Ngara, kimbia kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa wastani hadi 20, achia, kimbia tena. Rudia mara kumi hivi ukiacha dakika moja kati ya moja na nyingine ili zipoe. Usisimame kabisa na mguu juu ya pedali wakati diski ni za moto, maana pedi itaacha alama mahali pamoja na usukani utaanza kutetemeka, kisha utaambiwa diski zimepinda na kuuziwa nyingine. Kuna harufu itakayotoka mwanzoni. Ikiendelea siku ya pili, kalipa moja imeng'ang'ania, rudi gereji.

Mwisho ni kukaza. Kipimo cha Toyota kwa nati za tairi za magari haya ni nyutoni-mita 103. Spana ya kupimia ikikosekana, chukua spana yenye mkono wa sentimita 40 na uvute ncha yake kwa nguvu ya kunyanyua mzigo wa kilo 26; inatosha. Yule kijana wa tairi anayepanda juu ya spana na kuruka anavuta zaidi ya mara mbili ya hapo, na kwa kukaza bila mpangilio anaipindisha hata diski iliyotoka kukerezwa asubuhi. Kaza kwa kuvuka, moja na ya mkabala wake. Rimu za aluminiamu hujikalia upya zikishatembea, kwa hiyo nati zirudiwe baada ya kilomita 100, gari likiwa limepoa.